Uungwana wa Ami Aziz

Kila anapofika, Ami Aziz humwachia mtoto sarafu ya ana kumi. Humtilia kiganjani wakati wa kuagana, baada ya kula chakula ambacho mama wa nyumba amekihangaikia tangu asubuhi. Mtoto hana haja ya kusema kitu, atabasamu tu inatosha. Mgeni amevaa kanzu nyepesi ya pamba na kofia ya kufuma, na akipita huacha nyuma yake harufu ya manukato na ngozi na viungo, harufu ya mtu atokaye mbali na mwenye mali. Hapandishi sauti. Haombi. Siku moja anaondoka na mtoto.

Hivyo ndivyo inavyoanza riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, na mwaka 2022 ikarudi kwetu kwa Kiswahili ikiitwa Peponi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ile sarafu ilinipita. Niliiona kama anavyoiona Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayesubiri kitoweo kizuri na kijizawadi chake. Mara ya pili nilisita. Nilikuwa nimekwishajua kwamba baba yake, mwenye hoteli ndogo isiyokuwa na wateja katika mji wa Kawa, ana deni kwa mgeni wake, na kwamba mtoto ndiye malipo. Ile ana kumi ikageuka mbele ya macho yangu: ni punje anazomwagiwa kuku aliyekwishatiwa bei. Na sentensi ni ile ile. Mwandishi hakuficha hata neno moja. Ametueleza mambo ya kweli kwa utaratibu ambao mtoto mwenyewe angeyajua, basi, na sisi tukaingia mtegoni pamoja na mtoto.

Nataka kukaa juu ya ustadi huo, maana kila nikirudi kwenye kitabu hiki nauona mpya. Wengi wanamjua Gurnah kwa ile siku ya tarehe 7 Oktoba 2021, alipotangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi, na Unguja nzima tukapigiana simu kwamba kijana wetu aliyezaliwa hapa 1948, akaenda Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi, ameshinda. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini tuzo ni habari ya siku moja. Mimi nataka kuzungumzia kazi ya mkono: jinsi sentensi zinavyopangwa, nini kinatangulizwa, nini kinacheleweshwa, na neno gani linaachiwa litende kazi peke yake.

Mara ya tatu niliisomea Bububu, barazani kwetu. Baraza inatazama barabara inayotoka mjini, ile inayopitiwa na daladala za 502. Ukirudi kusini kidogo unakuta magofu ya Mtoni, alikozaliwa Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844. Ukiendelea kaskazini unakuta magofu ya kasri ya Seyyid Barghash, Chuini. Ukikata kulia unapanda Kidichi, penye hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na ukizidi kidogo unafika Kizimbani, kwenye mashamba ya mwanzo ya mikarafuu ya kisiwa hiki. (Wapo wanaoshikilia kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi. Gari la moshi lilianza hapa 1905, na Salme ameitaja Bububu katika kitabu chake kilichochapwa 1886. Mimi nawafuata wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi.) Kote huko palikuwa mashamba, na mashamba yalikuwa na watu.

Bibi yangu hakulitumia neno mtumwa. Akiulizwa juu ya ukoo fulani uliokaa upande wa juu, alisema, "Hao walikuwa watu wa shamba." Juu ya wengine, sauti ikiteremka, alisema, "Hao watu wa nyumbani." Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba kumwita mtu "wa nyumbani" ni kumtaja mwenye nyumba. Kiswahili chetu kimejaa maneno ya namna hiyo, yaliyooshwa mpaka doa halionekani. Kibarua, kwa mfano. Leo ni mtu wa kazi ya siku. Zamani mjini Unguja kilikuwa ni kile kipande cha karatasi chenyewe, barua ndogo aliyopewa mtu wa kukodishwa kwa siku, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa ambaye jioni ujira wake aligawana na bwana wake. Tunakisema kila siku na hatukumbuki.

Sheria nazo zilioshwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Hadhi yenyewe ya utumwa haikufutwa mpaka tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza. Hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na fidia akalipwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Upande wa bara, ambako Gurnah ameiweka hadithi yake, katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza, Wajerumani walitangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia 1906 atakuwa huru, lakini utumwa wenyewe hawakuupiga marufuku. Tanganyika ulifutwa 1922, Wajerumani wakiwa wamekwishaondoka. Kwa hiyo Ami Aziz si mhalifu anayejificha. Ni tajiri anayeheshimika, anayeswali, anayelipa wapagazi wake, anayedai chake. Mtoto wa mdeni wake anakaa dukani kwake kama rehani, na dunia anayoishi haioni ajabu.

Sasa, ulizeni: mwandishi atamwonyeshaje mtu wa namna hiyo? Njia rahisi ni kumpa mjeledi na jicho jekundu. Msomaji angemchukia mara moja na angelala usingizi mwema. Gurnah amempa Aziz adabu. Anasema taratibu, anasikiliza, anatabasamu kwa mbali. Katika safari ya bara, wapagazi wanapokufa na bidhaa zinapoporwa, yeye ndiye anayebaki mtulivu, na msomaji anajikuta anamtegemea kama anavyomtegemea Yusuf. Ukatili wa mkono anauachia mnyapara wake, Mohammed Abdalla. Yeye kanzu yake inabaki nyeupe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokipita Kiingereza, nami nilipoisoma Peponi nilisimama nikatembea uani kidogo. Muungwana, kwa maana yake ya asili, ni mtu asiyekuwa mtumwa. Uungwana ni ile hali ya kuzaliwa huru. Na ndilo neno tulilonalo la adabu njema. Tunapomsifu mtu leo kwamba ana uungwana, tunamsifu kwa sifa ambayo zamani watu wengine waliokaa nyumba ile ile walinyimwa kwa tamko la ukoo wao. Kile ambacho Gurnah amekijenga kwa Kiingereza kwa mamia ya kurasa, kwamba upole wa Aziz na umiliki wake ni kitu kimoja, kwetu kimelala ndani ya neno moja tangu zamani.

Tazama anavyolitumia neno la udugu. Yusuf amelelewa akimwita mgeni huyu ami. Kiingereza kina neno moja tu kwa kaka wa baba na kaka wa mama, lakini sisi hatuna nafasi hiyo. Ami ni damu ya baba, ana sauti juu yako, anaweza kukulea na kukurudi. Mjomba ni mwengine, wa kumtania na kumkimbilia. Mimi, hata nilipokuwa naisoma kwa Kiingereza, kichwani nilikuwa nasema ami, kwa sababu huyu anazungumza na baba, anamdai baba, anakaa mahali pa baba. Halafu Yusuf anafikishwa dukani kwa Aziz, katika mji wa pwani, na huko anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, mwepesi wa maneno, mcheshi, mwenye wasiwasi usiomtoka. Khalil anamrekebisha: huyo si ami yako, na hapa utamwita Seyyid. Yusuf anakataa. Si kwa ushujaa, kwa kutojua. Anaendelea kusema ami, na Khalil anaendelea kumrekebisha, na wewe msomaji unacheka kidogo, mpaka ghafla kicheko kinakukauka, kwa sababu umefahamu kwamba siku mtoto atakapoacha kusema ami ndiyo siku atakayokuwa amejua yeye ni nani. Neno moja limebeba mzigo wote. Mwandishi mwengine angetuletea mnyororo.

Na Khalil ana jina lake la utani kwa Yusuf. Anamwita kifa urongo. Gurnah ameliacha hivyo hivyo kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, na anayekijua Kiswahili anapata zaidi kuliko anavyoelezwa. Kifaurongo tunaujua: ule mmea mdogo wa kutambaa unaoota pembezoni mwa njia, wenye majani kama ya mkwaju, ambao ukiugusa kwa ncha ya kidole unafunga majani yote na kujilaza. Watoto wote wa shamba wameucheza. Unachuchumaa, unaugusa, unajifisha, unasubiri, unafunguka tena. Mmea ule hauna mbio. Ulinzi wake mkubwa ni huo, kujifanya umekufa mpaka mkono uondoke. Yusuf ndivyo anavyoishi katika kitabu chote. Anaguswa na kila mkono, wa Aziz, wa mnyapara, wa mabibi wanaoutaka uzuri wake, na kila mara anajikunja na kusubiri. Msomaji mwenye papara hulalamika kwamba shujaa huyu hatendi. Namwomba auguse kifaurongo kwanza.

Nyuma ya duka kuna bustani, na mtunzaji wake ni Mzee Hamdani. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa kitabu ulipo. Bustani ina ukuta, ina birika la maji na michirizi inayotoka humo, ina mikomamanga na michungwa, na Muislamu yeyote anayesoma hahitaji kuambiwa inafanana na nini. Jina la kitabu limekwishasema. Yusuf anaipenda tangu mara ya kwanza anapochungulia mlangoni. Lakini katika miti kumetundikwa vioo. Vioo vile vimewekwa ili bibi wa nyumba, mke mkubwa wa Aziz, mgonjwa mwenye alama usoni, aweze kuona bustani akiwa ndani bila ya yeye kuonekana. Sina mfano mzuri zaidi katika riwaya ninazozijua wa kitu kimoja kinachofanya kazi mbili. Kioo ni pambo, kinazidisha mwanga na majani. Na kioo ni jicho. Yusuf anafanya kazi peponi huku anatazamwa.

Mzee Hamdani haonekani kujali. Anachimba, anamwagia maji, wakati wa jua kali anakaa kivulini na kitabu chake, ananong'ona kasida. Yusuf anapokuja kujua kwamba mzee huyu alipewa uhuru wake na bibi wa nyumba akaukataa, anachukia. Amekwishaanza kuota kutoroka, na kumbe mtu aliyefunguliwa mlango amebaki ndani! Anamwendea, anamuuliza. Na jibu la mzee, ambalo sitalinukuu kwa sababu linafaa kukutwa mahali pake, linauliza kwa upande wake ni nani aliyempa bibi yule kitu hicho hata akawa na uwezo wa kukigawa. Wanaweza kukufunga, wanaweza kukuuza, lakini uhuru hawakuupata kwako, basi wanakurudishiaje? Nimelifikiria jibu hilo nikiwa na ile amri ya 1897 akilini, mtu na mguu wake anakwenda mahakamani kuomba, na bwana anahesabiwa fidia. Mzee Hamdani amekataa kuingia katika hesabu hiyo. Na papo hapo, huu ndio uungwana wa Gurnah mwenyewe kama mwandishi, hatuambii kwamba mzee amepata haki. Yusuf anaondoka hajaridhika. Bustani bado ni ya mtu mwengine. Komamanga linaliwa na mwengine.

Aliyesoma Kurani amekwishatambua jambo jengine. Mtoto ni Yusuf, mzuri wa sura, ameuzwa na wa kwao kwa thamani ndogo, yumo nyumbani kwa bwana mkubwa, na mke wa bwana amemtamani. Bibi anaitwa Zulekha. Siku inayotakiwa ifike inafika: Yusuf anamkimbia bibi, na shati linachanika kwa nyuma. Kila aliyekaa chuoni anajua maana ya nguo iliyochanika kwa nyuma, ndiyo ushahidi wa kutokuwa na hatia katika Sura ya 12. Gurnah anaweka ushahidi ule ule, mahali pale pale, halafu anauacha hauna kazi. Aziz anajua kwamba kijana hana kosa na hamtupi gerezani. Anamsamehe kwa upole. Anazungumza naye juu ya mambo ya baadaye, kama vile ami. Na hakuna ndoto ya mfalme ya kutafsiriwa, wala ghala za Misri, wala siku ambayo ndugu watakuja kuinama. Nabii Yusuf aliinuliwa. Huyu wetu anabaki dukani.

Na yupo Amina. Naumia kwamba naweza kumpa aya moja tu, lakini mwandishi naye amemweka nyuma ya pazia karibu kitabu kizima, na hilo ni la makusudi. Mtoto wa kike aliyeibwa hata kwao hapakumbuki vizuri, akaokolewa na baba yake Khalil na kulelewa kama dada wa Khalil, kisha baba huyo huyo aliyemwokoa akazama katika deni la Aziz, na watoto wote wawili wakatolewa. Aziz amemwoa. Kwa ndoa ile deni limefutwa, na Khalil kisheria ni huru. Haondoki, kwa sababu hawezi kumwacha Amina. Kiswahili cha zamani kina neno la watu wa bwana mmoja: wajoli. Mjoli wako ni mwenzako katika kumilikiwa. Limekaribia kufa, na pengine ni kheri, lakini nilipokuwa nasoma habari za Khalil na Amina na Yusuf ndilo neno lililonijia.

Mwaka 2003, Mmarekani Edward P. Jones alitoa riwaya yake The Known World, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Nayo ni juu ya mabwana weusi wenye watumwa weusi, huko Virginia kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Baba, Augustus Townsend, anafanya kazi miaka mingi kujinunua yeye, kisha mkewe, kisha mwanawe Henry. Henry akikua ananunua mtu wake wa kwanza. Baba anapoambiwa, anampiga mwanawe kwa fimbo begani. Nazisoma riwaya hizi mbili kama majirani, na linalonivutia ni jinsi mafundi wawili walivyoshika vyombo tofauti. Jones anajua kila kitu: mtu anapita njiani, na mwandishi anakutajia papo hapo atakufa mwaka gani na wajukuu wake watakuwa nani. Anaitazama wilaya aliyoibuni mwenyewe kutoka juu, kama anayetazama ramani. Gurnah amejinyima hayo yote. Hatoki nje ya kichwa cha mtoto. Kile asichokijua Yusuf hatukijui. Mimi nampa Gurnah nafasi ya mbele, na sababu yangu ni ya kwetu: utumwa wa pwani hii ulidumu kwa kutosemwa, kwa maneno kama yale ya bibi yangu, na mtoto asiyeambiwa kitu ndiye shahidi anayestahiki.

Wenye watumwa walikwishatuandikia. Salme, aliyewahi kukaa hapa Bububu karibu na bahari, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kicherkesi aliyenunuliwa, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani na katika sura nzima akautetea utumwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefariki mjini Unguja 1905, na ambaye ukoo wake ulikuwa wa Kiarabu na wa Kiafrika pamoja, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili fasaha chenye mwendo wa safari, vituo, vita na pembe za ndovu. Watu waliozibeba pembe hizo katika maandishi yake wanapita kama vumbi. Na Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, hakuwa na haja ya kueleza sana alipompa mtumishi wa kasri jina la Kijakazi.

Gurnah aliwasoma wa zamani, na sehemu ya safari katika Peponi inaonyesha. Mwaka 1901, Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani wenyewe. Selemani bin Mwenye Chande ameeleza humo misafara ya bara, hongo, njaa na watawala wanaozuia njia, na Salim bin Abakari akaeleza alivyokwenda mpaka Urusi na Siberia. Katika riwaya utakutana na habari za mtu aliyefika Urusi, na utakutana na Chatu, mtawala wa bara anayewapokonya wafanyabiashara bidhaa zao na kumbakisha Yusuf kwake, kwa hiyo aliyekuwa rehani anawekwa rehani mara ya pili. Lakini fundi amegeuza kiti. Katika Safari za Wasuaheli anayesimulia ni mwenye biashara. Hapa anayetazama ni mtoto asiyekuwa na hisa hata moja katika mzigo ule.

Kwa hiyo fikirini mzunguko wenyewe: Kiswahili cha wasafiri kilichochapwa Ujerumani, kikasomwa na Mzanzibari aliyeko Uingereza, kikawa Kiingereza, kisha kikarudi kuwa Kiswahili. Aliyekirudisha ni Ida Hadjivayanis, mwanataaluma wa Chuo Kikuu cha London, SOAS, ambaye kabla ya hapo aliwahi kumleta hata Alice wa Lewis Carroll katika lugha yetu. Kazi ya mfasiri huyu haikuwa kuhamisha maneno. Mazungumzo ya riwaya ile, salamu, viapo, matani ya dukani, yalikuwa yamefikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na yeye ilimlazimu ayasikilize chini ya Kiingereza mpaka ayasikie yalivyokuwa. Ndiyo maana Peponi haisomeki kama kitu cha kuazima. Inasomeka kama kitu kilichokuwa kimewekwa kwa jirani.

Mwisho wa riwaya sitausimulia wote. Jeshi la Wajerumani linapita na askari wake, linakamata watu wa kubeba mizigo, na Yusuf na Khalil wanajifungia dukani. Likishapita, Yusuf anatoka kutazama kambi waliyoiacha, na anachokiona ni mbwa, na wanachokula mbwa hao. Anasikia nyuma yake kama mlango wa bustani unakomewa. Anakimbia kulifuata jeshi. Wapo waliouita mwisho huo kukata tamaa. Mimi naona ni mara ya kwanza katika kitabu kizima ambapo mguu wake unakwenda bila ya kutumwa, na ubaya wa pale anapokwenda hauliondoi hilo.

Siku moja ya mapumziko ya skuli nilikuwa nasoma barazani, na mtoto wa dada yangu, wa miaka 12, akakaa ubavuni pangu. Nikamsomea ukurasa wa ile sarafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa nini hizo pesa hampi baba yake?" Nikafunga kitabu kwanza.

Peponi imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Ukiwa na mtoto wa umri wa Yusuf nyumbani kwako, msomee kwa sauti kurasa za mwanzo tu, usimweleze kitu, kisha nyamaza umsikilize atauliza nini.